Tunaposafiri sikukuu, watoto tunawakabidhi kwa nani?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa walimwengu wote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, leo tunapenda kulizungumzia jambo ambalo hurudi kila ikaribiapo Idi, na kila shule zifungwapo mwezi Juni na mwezi Desemba. Nalo ni la wazazi kufunga safari, au kutoka kwenda kusherehekea, na kuwaacha watoto wadogo bila ya mtu mzima wa kuwaangalia.

Watakuwepo watakaoona kuwa hili ni jambo dogo lisilostahiki kuandikwa. Hao tuwakumbushe yaliyotokea Tabora. Siku ya Idi el Fitri, tarehe 1 Oktoba 2008, watoto wapatao 20 walipoteza maisha katika ukumbi wa disko la watoto mjini humo kwa msongamano na kukosa hewa. Walitoka majumbani kusherehekea kama watoto wote watokavyo siku hiyo, na hawakurejea. Lawama nyingi zilielekezwa kwa walioandaa disko lile, na ni haki zielekezwe huko, kwani mwenye kukusanya watoto katika ukumbi huwa amejitwika dhamana yao. Hatuyasemi haya kuwahukumu wazazi waliofiwa; tunamuomba Allah (s.w.) awape subira na malipo mema. Tunayasema kwa kuwa serikali inaweza kupiga marufuku disko, lakini haiwezi kumshika kila mtoto mkono. Mkono huo ni wa mzazi, au wa mtu ambaye mzazi amemkabidhi.

Basi tuje karibu zaidi, tuitazame Nyarugusu. Si ile ya kambi ya wakimbizi iliyoko Kasulu mkoani Kigoma, bali Nyarugusu ya wachimbaji wadogo wa dhahabu katika wilaya ya Geita. Wakazi wengi wa machimbo haya ni watu waliokuja kutafuta riziki, kutoka Shinyanga, Tabora, Kigoma, Kagera na kwingineko. Ifikapo sikukuu, kila mmoja hutamani kwenda kwao kuwaona wazee. Nauli ya familia nzima ni kubwa, nyumba nayo haiachwi tupu kwa kuhofia wezi. Basi hutokea baba na mama wakaondoka na mtoto anayenyonya, na wale wa miaka mitano, saba na tisa wakabaki nyumbani na debe la unga. Wengine hawasafiri mbali. Hutoka asubuhi ya Idi kwenda Geita mjini au Mwanza, wakarudi usiku au kesho yake.

Sasa tujiulize, watoto hao wanabaki mahali pa namna gani? Katika machimbo, ua wa nyumba na eneo la kazi aghalabu havina ukuta baina yao. Yapo maduara yaliyoachwa wazi, ambayo hujaa maji wakati wa mvua. Zipo karasha za kusaga mawe na mialo ya kuoshea mchanga. Ipo zebaki, ambayo hutumika kukamata dhahabu na kisha huchomwa, pengine ndani ya chumba kile kile wanacholala watu. Mvuke wake huingia mwilini kwa pumzi na hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na mtoto ndiye anayedhurika zaidi kwa kuwa mwili wake ungali unakua.

Na mtoto aliyeachwa peke yake hakai bure. Njaa ikimshika, hufuata mahali penye shilingi. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto katika machimbo madogo ya dhahabu ya Tanzania, yakiwemo ya Geita, na lilikuta watoto wa umri wa miaka minane wakifanya kazi humo: wakichimba, wakibeba viroba vya mawe, wakiponda na wakishika zebaki kwa mikono mitupu. Wasichana walikuwa wakisumbuliwa na watu wazima. Sheria ya nchi hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini. Lakini sheria hiyo itamlinda vipi mtoto ambaye mzazi wake yuko safarini, na hakuna wa kumuuliza ametoka wapi na viatu vyenye matope?

Tumezoea kusikia hoja nne kutoka kwa wanaoacha watoto, nasi tutazijibu moja baada ya moja.

Hoja ya kwanza ni kuwa mkubwa atawaangalia wadogo zake. Hapa inatosha kukumbuka kisa cha Nabii Yaaqub (a.s.) katika Surat Yusuf. Watoto wake wakubwa walipomuomba awape mdogo wao waende naye akacheze, mzee yule aliona uzito. Aliwaambia kuwa anachelea asiliwe na mbwa mwitu hali wao wameghafilika. Tuzingatie kwamba wale hawakuwa watoto, walikuwa kundi la vijana wenye nguvu, na bado baba yao alihofia kughafilika. Ikiwa Nabii wa Allah alihofia ghafla ya vijana kumi, sisi tunapata wapi amani ya kumwachia msichana wa miaka tisa wadogo zake watatu, jiko la mkaa na koroboi? Naye msichana huyo ni mtoto, ana haki ya kulindwa kama wao. Wanazuoni wetu wa fiqhi, walipoyataja masharti ya mwenye kustahiki hadhana, yaani ulezi wa mtoto mdogo, walisema awe amebaleghe, awe na akili timamu, awe mwaminifu na awe na uwezo wa kumhudumia. Mtoto hawi mlezi wa mtoto.

Hoja ya pili ni kuwa majirani wapo. Ni kweli kwamba wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na katika kijiji cha zamani usemi huo ulikuwa na nguvu, kwani jirani alikuwa shangazi, au mjomba, au mtu aliyekujua tangu kuzaliwa kwako. Lakini machimbo hayako hivyo. Ikisikika rashi mahali pengine, nusu ya mtaa huhama kwa wiki moja. Jirani wa mwezi huu si lazima awe jirani wa mwezi ujao, na wakati mwingine hata jina lake kamili hulijui. Tusisahau pia kwamba kanda hii ya Ziwa imeshuhudia watoto wakinyakuliwa kwa imani za kishirikina zinazodai kuwa viungo vya watu wenye ualbino huleta bahati ya mali. Februari 2015, wilayani Chato katika mkoa huu huu wa Geita, mtoto mwenye ualbino wa takribani mwaka mmoja alinyang'anywa mama yake nyumbani, akauawa, na mama akajeruhiwa. Huyo mama alikuwepo. Tuseme nini juu ya nyumba ambayo mtu mzima hayupo?

Hoja ya tatu ni kuwa tumetoka mara moja tu, hatukawii. Mwezi Mei mwaka 2007, wazazi Waingereza waliokuwa likizoni Praia da Luz, nchini Ureno, waliwalaza watoto wao watatu chumbani, wakaenda kula chakula cha usiku na rafiki zao katika mkahawa uliokuwa karibu, na wakawa wanakwenda kuwachungulia mara kwa mara. Mtoto wao Madeleine McCann, aliyekuwa hajatimiza miaka minne, alitoweka usiku huo na hadi leo hajapatikana. Wazazi wale hawakuwa wajinga wala hawakuwachukia watoto wao. Walikuwa madaktari, na walikuwa wakihesabu dakika. Mtu hujua anakwenda wapi na atarudi lini. Hajui nini kitapita mlangoni kwake kabla hajarudi.

Hoja ya nne ndiyo nzito zaidi kwa Muislamu, kwa kuwa imevaa vazi la dini. Husemwa kwamba Mungu ndiye mlinzi, na kwamba Nabii Ibrahim (a.s.) alimwacha mwanawe mchanga katika bonde la Makka lisilo na mmea. Tunajibu kwamba Nabii Ibrahim alifanya vile kwa amri ya Allah (s.w.), na sisi hatukuamrishwa hivyo. Tena hakumwacha Ismail peke yake. Alimwacha na mama yake, Bi Hajar, akawaachia tende na maji, na alipokuwa akiondoka akawaombea dua. Naye Bi Hajar alipokuwa akipanda Safa na Marwa kutafuta msaada, moyo wake wote ulikuwa kwa mwanawe. Kutegemea kwa Allah hakuondoi wajibu wa kufunga ngamia. Mtume (s.a.w.) mwenyewe ametufundisha tuwazuie watoto ndani giza linapoingia, tufunge milango na tusilale tukaacha moto unawaka. Haya ni mafunzo ya mtu mzima aliyemo nyumbani. Giza likiingia na baba yuko Mwanza, nani atayatekeleza?

Ndugu msomaji, asije mtu akatuelewa kuwa tunaharamisha safari. Kuunga udugu ni ibada, na kuwatembelea wazee wakati wa Idi ni jambo jema. Tunachokisema ni kimoja: kukabidhi si sawa na kuacha. Anayekabidhi humteua mtu mzima kwa jina, akakubaliana naye, akampa chakula cha siku zote na fedha za dharura, akamweleza dawa za mtoto, akamwachia namba ya simu na siku ya kurejea. Anayeacha husema tu kwamba watu wapo. Madhehebu yetu humtanguliza mama katika ulezi wa mtoto mdogo, kisha mama wa mama, na hapa tunajifunza kwamba bibi ndiye wa kwanza kufikiriwa mama asipokuwepo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 9, nayo inamtaka mzazi anayeondoka kwa muda ahakikishe mtoto anabaki na mtu mwenye uwezo wa kumtunza. Dini na sheria ya nchi zimekutana hapa.

Tuitazame pia ibada ya Hija. Ni nguzo ya Uislamu, na hata hivyo wanazuoni wamesema haimpasi mtu mpaka awe na masurufu ya safari pamoja na matumizi ya wanaomtegemea hadi atakaporudi. Ikiwa safari ya kwenda nyumba ya Allah ina sharti hilo, safari ya sikukuu italikwepaje?

Wapo, tunajua, ambao hawaachi watoto kwa starehe. Yuko mjane anayegonga mawe kutwa nzima, na yuko mke ambaye mumewe alikwenda kwenye rashi nyingine miezi minne iliyopita bila ya kuacha hata senti ya matumizi. Huyu wa pili asilaumiwe kabla ya mumewe, kwani Mtume (s.a.w.) ameonya kwamba inamtosha mtu kuwa ni dhambi kuwapoteza wale anaopaswa kuwalisha. Hawa wanahitaji msaada kuliko mawaidha. Hapa ndipo jamaa wa msikiti wanapotakiwa. Madrasa isifungwe siku zote za likizo, bali iwe na saa chache za asubuhi ambapo mwalimu anajua nani kaja na nani hakuja. Kinamama wapange zamu ya kukaa na watoto wa wanaokwenda kazini au safarini. Imamu naye, Ijumaa ya mwisho kabla ya Idi, awaulize wanaosafiri, kwa uwazi mbele ya watu, watoto wao wanabaki na nani. Swali hilo moja laweza kumrudisha mtu nyumbani akapange upya safari yake.

Kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Nauli ikikosekana kwa wote, na mtu wa kukabidhiwa asipopatikana, basi mmoja wa wazazi na abaki, au Idi isaliwe hapa hapa Nyarugusu na salamu zipelekwe kwa simu. Wazee wataelewa, kwani nao walilea.

Tunamuomba Allah (s.w.) atuhifadhie watoto wetu na atuwezeshe kuitimiza amana hii. Wabillahi tawfiq.