Sinia, Chai na Mtaa wa Wachina Usiokuwapo Pate

Miji mingi mikubwa ya dunia, kama vile London na San Francisco, ina mtaa wa Wachina. Mgeni huuzuru usiku, taa zikiwa zimewashwa na mvuke wa vyungu umetanda njiani, akala akashiba. Kisiwa cha Pate hakina mtaa wa namna hiyo. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 20 wageni wamekuwa wakifika Pate, Siyu na Shanga kuwatafuta Wachina katika nyuso za wenyeji. Maoni yetu ni kwamba wanatafuta mahali pasipo penyewe, na kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tumewaachia wengine kazi iliyo yetu.

Simulizi inayowavuta wageni hao inajulikana. Husemwa kwamba meli moja ya Zheng He, aliyeongoza misafara saba ya majini kati ya 1405 na 1433, ilivunjika karibu na Pate. Manusura wakapokewa Shanga, wakasilimu, wakaoa. Jina la Shanga hudaiwa kuwa limetokana na Shanghai, na baadhi ya Wafamau wa Siyu hujinasibisha na mabaharia hao. Mwaka 1999 mwandishi wa habari Nicholas Kristof aliieneza simulizi hiyo Marekani. Mwaka 2005, ilipotimia miaka 600 tangu msafara wa kwanza, msichana mmoja kutoka Lamu alipewa ufadhili wa kwenda kusoma China.

Simulizi hii ni fasihi simulizi, nayo yastahili heshima. Lakini heshima si sawa na kuikubali kuwa historia. Mwanaakiolojia Mark Horton, aliyeanza kuchimba Shanga mwaka 1980, alionyesha kwamba mji huo ulianza kukaliwa katika karne ya 8 na kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Shanghai yenyewe ilipewa hadhi ya wilaya mwaka 1292 tu. Anayedai kwamba jina limetoka huko hana budi kutueleza ikiwa wenyeji waliishi miaka 600 bila jina la mji wao, au walilitupa kwa ajili ya manusura wachache. Aidha, vigae vya vyombo vya China vilivyofukuliwa Shanga vimo hata katika tabaka za karne nyingi kabla ya Zheng He kuzaliwa. Ni dhahiri kwamba bidhaa za China zilifika bila kumngoja Mchina, zikipita mikononi mwa wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi.

Sasa natuigeukie lugha, tukipita vichochoroni mwa mji wa Waswahili usiku, hasa mwezi wa Ramadhani. Barazani pana viazi karai na bajia: maneno karai na bajia yametoka Bara Hindi. Pana sambusa: asili yake ni Uajemi. Pana kaimati, ambazo Waarabu huziita lukaimati. Juu ya meza, neno la Kireno, pana mkate wa sinia na birika la chai. Hapo ndipo China inapojitokeza. Chai ni neno la Kichina, cha, lililopata umbo lake la sasa kwa Waajemi kabla ya kutufikia. Nalo sinia ni la Kiarabu, lenye maana ya asili ya "kitu cha Kichina", kwani China kwa Kiarabu ni Sini. Basi kila familia inapolizunguka sinia moja la wali, inataja China bila kujua.

Ushahidi huu wa jikoni una uzito. Wareno hawakuwa wengi pwani, lakini walituachia meza, mvinyo na leso. Lau Wachina wangalikaa Shanga kama jamii, wakapika na kulea watoto, tungetarajia angalau jina moja la chakula lililotoka vinywani mwao moja kwa moja. Hatujapata kuonyeshwa. Maneno mawili tuliyo nayo yote yamepitia kwa watu wengine. Uchunguzi wa DNA za watu wa kale uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023, uliohusisha Manda na Faza, waelekea huko huko: asili kuu zilizobainika ni za Afrika na Uajemi, pamoja na kiasi cha India.

Mpinzani atasema kwamba ukosefu wa neno si ushahidi wa kutokuwapo mtu. Mabaharia 20 wanaweza kumezwa na lugha ya wake zao. Ni kweli. Ndiyo maana hatusemi kwamba simulizi ni uongo. Twasema kwamba haijathibitishwa, na kwamba maneno ya lahaja bado hayajaulizwa vya kutosha. Kisiwa kimoja kina Kipate, Kisiu na Kitikuu, kila lahaja na majina yake ya vyombo, mikate na samaki. Majina hayo yakizikwa pamoja na bibi zetu, hakuna mchimbaji atakayeyafukua.

Jambo hili si la wanazuoni peke yao. Mwezi Mei 2021 gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu, lililojengwa na kampuni ya China, lilifunguliwa. Panapokuwa na biashara kubwa, simulizi za udugu wa damu hupendeza pande zote. Lakini kisiwa kilichompa Kiswahili Mwana Kupona hakihitaji babu wa kuazima ili kitukuke. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, akiyalilia majumba ya Pate katika Al-Inkishafi, alivitaja hata vidaka vilivyowekwa sahani ukutani. Alijua vyombo vile vilikuwa fahari ya wenyewe waliovinunua.

Wanafunzi wenzangu, na walimu wetu, tunapopanga utafiti wa nyanjani, tuende Pate na daftari. Tukae jikoni, tuulize chombo hiki chaitwaje na nani alikiita hivyo kwanza. Mtaa wa Wachina hatutauona. Tutakachokiona ni namna Waswahili walivyokifanya cha mgeni kuwa chao, nayo ndiyo historia ambayo wengine hawawezi kutuandikia.