Kumtuma Kuleta Mzazi Si Kumrudi

UBAO NA CHAKI
Na Kinoti Muriuki

Kijana mwenye sare akionekana sokoni Kanyakine asubuhi ya siku ya masomo, begi mgongoni, hakuna anayemuuliza aendako. Kila mtu anajua: ametumwa kuleta mzazi.

Mara nyingi kosa lenyewe ni dogo. Amejibizana na mwalimu, amelala darasani, au amekutwa na simu ndani ya soksi. Kosa la dakika tano linamlia wiki nzima ya masomo, kwa kuwa mama yuko kwenye kibarua cha kuchuma majani chai na baba yuko Nairobi, nauli hana. Na siku hizo zote kijana yuko wapi? Wengine wako kwa wauza muguka.

Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaongeza makali: anayempiga mwanafunzi anaweza kufungwa. Naiunga mkono sheria hiyo bila kusita. Lakini tulipomnyang'anya mwalimu fimbo, tulimwacha mikono mitupu. Mwalimu wa ushauri nasaha ana vipindi tele kama wenzake, na mwenye shida humvizia wakati wa chai. Kisha mwaka wa 2018 ikaja sera ya kila mtoto kuingia sekondari. Ilikuwa haki yao, ila madarasa yalifurika. Mwalimu asiyejua hata jina la aliyeketi nyuma atamtulizaje? Anamtoa nje, na safari ya kuleta mzazi inaanzia hapo.

Wapo wanaosema fimbo irudi. Sisi wa Meru tuwajibu. Usiku wa Julai 13, 1991, katika shule ya St. Kizito kule Tigania, wasichana walikuwa wamekataa kujiunga na mgomo wa wavulana. Wavulana wakavamia bweni lao. Wasichana 19 walikufa na 71 wakabakwa. Kiboko kilikuwa halali usiku ule. Kilizuia nini? Hasira ile ilikuwa imepikwa shuleni humo humo, na watu wazima hawakuisikia, au waliisikia wakaipuuza. Hilo ndilo linalonikosesha amani kila nikisikia mwalimu akisema wanafunzi wake ni watulivu kwa sababu wananyamaza.

Nidhamu hujengwa darasani, kwa mambo madogo. Mwalimu awahi kufika kabla ya wanafunzi. Kanuni ya Jumatatu iwe ndiyo ya Ijumaa, kwa mtoto wa mwenyekiti wa bodi na kwa mtoto wa kibarua. Zaidi ya yote, asimkaripie kijana mbele ya wenzake. Mwenye miaka 16 atapigania heshima yake mbele ya darasa hata akijua amekosa. Mwite kando kengele ikilia, na mara nyingi atakuomba radhi kabla hujamaliza kusema. Huko kando ndiko utakakosikia kwamba hajala tangu jana, au kwamba nyumbani kumechacha.

Walimu wakuu wa Imenti Kusini, nawaomba mambo matatu muhula ujao. Mpunguzieni mwalimu wa ushauri vipindi. Kila mwalimu wa darasa mpeni kipindi kimoja kwa wiki cha kuketi na wanafunzi wake na kuwasikiliza. Na mzazi mpigieni simu siku ya kosa la kwanza, mtoto akiwa bado darasani anasoma.