MANZESE NA SINZA: KABLA HUJAMWITA MAMA MCHAFU, ULIZA KIWANJA (Sehemu ya 6)

Wiki iliyopita tuliongelea ORS na zinki. Leo tunaongelea viwanja. Msinikimbie, inahusu tumbo la mtoto wako.

Mtoto wa Manzese akiletwa wodini anaharisha, hukawii kusikia mtu ananong'ona: "Mama mwenyewe mchafu huyo." Mimi sikubaliani, na sababu zangu ziko kwenye historia.

Manzese ilianza kujaa miaka ya 1960, watu walipokuwa wanamiminika Dar kutafuta kazi. Iko kandokando ya Barabara ya Morogoro, na mwaka 1968 kiwanda cha nguo cha Urafiki kikafunguliwa hapo jirani. Viwanja vilivyopimwa havikutosha. Mtu akapata kipande chake, akajenga, mwenzake akajenga ubavuni. Njia ya gari haikuachwa, mtaro haukuachwa. Mpimaji hakuwa amefika, basi.

Mwanzoni dawa ya serikali kwa makazi kama hayo ilikuwa kubomoa. Mwaka 1972 msimamo ukabadilika, na baadaye kwa mkopo wa Benki ya Dunia ukaja mradi wenye pande mbili. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni vilipimwa viwanja kwanza, barabara zikachorwa, ndipo watu wakajenga. Manzese watu walikuwa wameshajenga, kwa hiyo barabara na maji vikapenyezwa katikati ya nyumba zilizopo. Ilisaidia, lakini nyumba ziliendelea kuongezeka, nafasi haikuongezeka.

Leo zote mbili ziko Manispaa ya Ubungo, majirani kabisa. Sinza shimo likijaa, unapiga simu, gari la majitaka linafika getini. Ndanindani Manzese halipiti. Ndiyo maana wapo wanaosubiri mvua kubwa wakatapisha choo, na yale maji yanashuka kwenye uchochoro ambao mtoto wa jirani anatambaa. Huyo mama hata akideki mara tano kwa siku, atashindana na shimo la nyumba ya juu? Kipindupindu cha mwaka 2015 kilipoanza Dar, kilianzia Kinondoni ya wakati ule, ambayo Manzese ilikuwa ndani yake.

Kuna atakayeniambia, "Nesi, kunawa mikono hakuhitaji ramani." Kweli kabisa. Sabuni na maji yaliyochemshwa vinaokoa watoto, nafundisha kila siku. Lakini mwenye mtaro mzuri akisahau kunawa mara moja huwa anapona. Wa uchochoroni akisahau mara moja analipa.

Na ninyi wa Sinza msicheke. Viwanja vyenu vilipimwa kwa ajili ya nyumba za kuishi familia. Leo mbele kuna baa, uani vyumba vya wapangaji, na mara nyingi shimo ni lilelile. Mtaro umewekewa kibanda juu. Mkiendelea hivyo, ramani nzuri mliyorithi itabaki kwenye makaratasi.

Maoni yangu ni haya. Unapotafuta chumba, usiishie kuangalia vigae na dari. Uliza choo kikijaa kinanyonywa na nani, na mvua ikinyesha maji yanapita wapi. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, nenda, hata kama una mtoto mgongoni. Usimame useme habari ya mtaro na ya wanaotapisha. Mpangaji naye ni mkazi, ana haki ya kuongea.

Na mtoto akiharisha huku amelegea, macho yameingia ndani au hawezi kunywa wala kunyonya, usisubiri asubuhi. Mpeleke kituoni, ukiendelea kumpa ORS njiani kama anaweza kumeza.

Wewe mtaani kwako choo kikijaa inakuwaje? Niandikie hapo chini. Sehemu ya 7 tutaongelea maji ya visima.