Mwanahistoria wa Sayansi na Uzito wa Neno: Funzo la A. I. Sabra

Katika mijadala ya historia ya sayansi imezoeleka kauli kwamba Waarabu waliipokea elimu ya Wayunani, wakaihifadhi, kisha wakaikabidhi kwa Ulaya. Kauli hiyo huwafanya wanazuoni wa Baghdad na Kairo kuwa mithili ya walinzi wa ghala. Abdelhamid I. Sabra (1924–2013) alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuipinga, na njia aliyoifuata yapasa kuwashughulisha wanaisimu kuliko inavyowashughulisha sasa.

Sabra, mzaliwa wa Misri, alisomea falsafa Alexandria, kisha akaenda London, alikopata shahada ya uzamivu mwaka 1955 chini ya Karl Popper. Utafiti wake ulihusu nadharia za mwanga za karne ya 17, nao ukazaa kitabu kilichochapishwa mwaka 1967. Baada ya kufundisha Alexandria, alifanya kazi katika Taasisi ya Warburg, London, na kuanzia mwaka 1972 hadi 1996 katika Chuo Kikuu cha Harvard. Hata hivyo, kazi iliyomjengea jina ni ya kifilolojia: kuhariri matini ya Kiarabu ya *Kitab al-Manazir* cha Ibn al-Haytham, aliyefariki takriban mwaka 1040, na kuifasiri kwa Kiingereza. Tafsiri ya vitabu vitatu vya mwanzo, kati ya saba, ilitoka mwaka 1989.

Umuhimu wa kazi hiyo unadhihirika katika neno moja, *i'tibar*. Sabra alionyesha kwamba neno hili lilitokana na elimu ya falaki, ambamo maana yake ni kuupima uchunguzi mmoja kwa kuulinganisha na mwingine. Ibn al-Haytham alilihamishia katika elimu ya mwanga, likawa istilahi ya jaribio linalothibitisha au kukanusha dai. Msomaji wa Kiswahili ana jamaa za neno hilo kinywani mwake: itibari, ibra, ibara, tabiri. Lakini anayelisoma *i'tibar* kwa maana ya itibari tuliyoizoea, yaani imani au heshima, atapotea njia. Maana ya istilahi haikai katika mzizi wake, bali katika kazi inayotendwa na neno ndani ya matini. Mwanahistoria asiyeijua lugha kwa kina kiasi hicho hawezi kujua ni lini fikra mpya imezaliwa.

Katika makala yake ya mwaka 1987, Sabra aliliweka kando neno upokezi na kupendekeza mengine mawili: utwaaji na uasilishaji. Jamii haikumwagiwa elimu ya Wayunani kama chombo kitupu. Iliitwaa kwa hiari na kwa kuhitaji, kisha ikaifanya yake. Hoja hii ina nguvu, ingawa si timilifu. Sabra aliona kwamba, katika hatua ya mwisho ya uasilishaji, sayansi ilielekea kufungwa ndani ya mipaka ya matumizi ya kidini. Lakini Ibn al-Shatir, mweka nyakati za sala katika Msikiti wa Bani Umayya, Dameski, katika karne ya 14, aliunda kielelezo cha mwendo wa Mwezi kinacholingana kihisabati na kile cha Copernicus. Wajibu wa msikitini haukumzuia kuhoji misingi ya Ptolemy. Kwa hiyo uasilishaji hauna budi kutenganishwa na kudumaa.

Funzo hili linaihusu lugha ya Kiswahili moja kwa moja. Wapo wanaodai kwamba lugha inayoazima istilahi zake haiwezi kuwa lugha ya sayansi. Historia ya Kiarabu inawakanusha: tafsiri ilikuwa mwanzo wa ugunduzi. Lakini historia hiyo hiyo inawaonya pia waundaji wa istilahi. Kamusi pekee haiasilishi taaluma. *I'tibar* halikuwa istilahi kwa kuorodheshwa. Lilikuwa istilahi kwa sababu mtafiti alilitumia kufanyia utafiti na kuandika matokeo yake. Istilahi za Kiswahili zitakomaa pale tu wanasayansi watakapofikiri na kubishana kwazo. Hadi hapo, orodha zetu, hata ziwe nzuri kiasi gani, zitabaki kuwa ghala lenye walinzi.