Tulichapwa na Hatukutoka Sawa

Kuna maneno ambayo kila Mkenya ameyasikia kwa kinyozi, kwenye matatu na nyumbani siku ya Krismasi: "Sisi tulichapwa na tukatoka sawa." Mjomba huyasema akitafuna nyama. Siku hizi hata watu wa rika langu wanayasema, na hao ndio nataka kuongea nao.

Mimi sikutoka sawa. Wacha nianzie hapo.

Usiku wangu wa kwanza kidato cha kwanza, shule ya bweni ya wavulana, niliambiwa nizime balbu kwa kuipuliza. Nikapuliza hadi kichwa kikazunguka. Kesho yake nikampigia mamangu simu kwa kiatu, bweni zima likicheka. Hayo yanachekesha, ndiyo maana tunayasimulia. Hatusimulii ya saa nane usiku, mono akiamshwa alale kifudifudi kwenye simiti achapwe mshipi kwa sababu soksi za mtu hazijakauka. Niliripoti kwa mwalimu wa zamu. Akaniuliza kama mimi ni msichana, akanichapa viboko viwili vya umbea, akanirudisha kwa wale wale.

Tunapenda kuongea kuhusu walimu wanaochapa na wanafunzi wanaoonea wenzao kana kwamba hayo ni magonjwa mawili. Ni ugonjwa mmoja. Kiranja anajifunzia wapi? Asubuhi paredi anaona mtu mzima, tena aliyesomea kazi hiyo, akimzaba kofi mtoto aliyechelewa dakika mbili. Jioni naye ana mamono wake. Na shule inajua, usidanganywe. Kiranja anayeogopwa anamwokolea mwalimu safari ya kuzunguka mabwenini usiku kwenye baridi.

Ati sheria ipo. Ipo, na si ya jana. Kanuni zilizoruhusu kiboko shuleni zilifutwa 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu ya kimwili na unyanyasaji wa kiakili: faini isiyozidi shilingi 100,000, au jela isiyozidi miezi 6, au vyote viwili. Mimi nilikuwa mtoto mchanga kiboko kilipopigwa marufuku, na bado nilichapwa kuanzia nasari hadi kidato cha nne. Halafu 2021, mabweni yakiteketea, waziri wa elimu wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, akasema hadharani kiboko kirudi. Kirudi kutoka wapi? Kilikuwa kimeenda wapi?

Na hiyo sehemu ya unyanyasaji wa kiakili, nani huisoma? Mwaka wa 2019, kule Bomet, msichana wa miaka 14 alipata hedhi darasani, sare ikachafuka. Kulingana na mamake, mwalimu alimwita mchafu na kumtoa nje. Alirudi nyumbani, akajitoa uhai. Hakuguswa na kiboko hata kimoja. Wakati huo tayari kulikuwa na sheria, ya 2017, ya kuwapa wasichana sodo bure shuleni.

Najua walimu wamechoka. Mamangu ni mwalimu. Nimemwona akisahihisha madaftari usiku wa manane, miguu ndani ya beseni la maji moto. Lakini makanga pia amechoka, na akikuzaba kofi utapiga nduru stejini. Mbona mtoto pekee ndiye halali ya uchovu wa watu wazima?

Chuo niliacha mwaka wa pili. Sisemi ni kiboko kilichonitoa, karo nayo ilikuwa na maneno yake. Ila kwa miaka hiyo miwili sikuinua mkono darasani hata mara moja. Nilikuwa nikiwa na swali, mgongo unakaza.

Lakini si hiyo ndiyo sababu ninasema sikutoka sawa. Nikiwa kidato cha tatu kulikuwa na mono mmoja mdogo, mwenye kigugumizi. Nilimwamsha saa nane. Nilikuwa na mshipi. Hakuwa amenikosea chochote, na nitasema ukweli: nilihisi vizuri. Nilihisi nimefika. Huyo kijana aliyesimama pale na mshipi ndiye mnayemwita "sawa".

Mwaka jana nilikutana naye kwenye matatu ya Thika Road. Alinitambua yeye kwanza. Akanisalimia kwa heshima, "sasa mkubwa", akaniambia yuko mazoezini, anafundisha darasa la saba. Nikamuuliza watoto wakoje. Akacheka. "Wamedekezwa sana, mkubwa. Hawa hawajapitia yenye tulipitia. Lakini tunawanyoosha."

Nilitaka kumwomba msamaha. Nilikuwa nimeupanga kwa miaka. Makanga akagonga bodi, Roysambu, akashuka.