Kibra na Kinubi viandikwe

Jina la mtaa wa Kibra jijini Nairobi na lugha ya Kinubi iliyolizaa vinastahili ulinzi rasmi, tena sasa.

Askari Wanubi wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles (KAR), waliotoka Sudan, walipewa makao mtaani hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Pakiwa msitu mtupu, wakapaita kibra, yaani msitu. Tangu uchaguzi wa 2013 jimbo la bunge la hapo huitwa Kibra, lakini matatu na vibao vingi vya mjini vingali vimeandikwa Kibera. Nalo jina la Laini Saba, sehemu ya Kibra, lilitokana na uwanja wa jeshi wa kulengea shabaha. Wapangaji wangapi wa leo wanajua?

Mwaka 2017 Wanubi walikabidhiwa hati ya ardhi ya ekari 288 hapo Kibra. Ni haki iliyochelewa mno, ila hati hailindi lugha. Kule Makina, sehemu nyingine ya Kibra, akina mama wanaosuka tabaga, vifuniko vya chakula, huzungumza Kinubi. Wajukuu huwajibu kwa Sheng.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaiagiza serikali ilinde lugha zote za Wakenya, si za makabila makubwa tu. Wahusika wasahihishe vibao, wawarekodi wazee na kuandaa vitabu vya Kinubi vya shule za Kibra. Bajeti ijayo itenge fedha hizo.