KISIWA KILICHOPIKA GESI YAKE



Hapana baraza siku hizi, mjini wala shamba, lisilotaja gesi. Huyu husema ikipatikana tutakula tusaze. Yule husema haitotufaa kitu, kwani watakuja wageni waichukue kama ilivyochukuliwa karafuu. Mmoja anasema kwa tamaa na mwenziwe kwa khofu, wala hapana anayesema kwa ilimu. Sisi twaona kheri tuache kubahatisha, tukitazame kisiwa kingine ambacho jambo hili lishakifika, kisha ndipo tujiulize tunataka nini.

Kisiwa hicho ni Trinidad, ambacho pamoja na nduguye Tobago ni dola moja katika bahari ya Karibi. Mambo yake mengi yanafanana na yetu. Kilitawaliwa na Mwingereza. Kiliishi kwa zao la shamba, nalo ni miwa. Tangu mwaka 1845 kililetewa vibarua kutoka Bara Hindi. Kikapata uhuru wake tarehe 31 Agosti 1962, mwaka mmoja na miezi michache kabla ya bendera ya Mwingereza kushushwa hapa kwetu. Ukubwa wake hauzidi mara mbili ya Unguja na Pemba zikiwekwa pamoja. Watu wa dola hiyo hawafiki milioni moja na nusu, ilhali sisi tulipohisabiwa mwaka 2022 tulikuwa 1,889,773. Basi asije mtu akatwambia kuwa kisiwa kidogo hakiwezi kazi kubwa.

Kwanza tufahamiane gesi hii ni kitu gani. Gesi asilia katika kiwanda cha kemikali ni kuni na unga kwa pamoja. Sehemu yake huchomwa ili kutoa moto. Sehemu nyingine huchanganywa na mvuke wa maji, ikatoka haidrojeni. Haidrojeni hiyo ikikutanishwa na nitrojeni ya hewa hii tunayovuta, kwa moto mkali na mkandamizo mkubwa, hupatikana amonia. Amonia ndiyo mama wa mbolea ya yurea. Kwa njia iliyo karibu na hiyo hupatikana methanoli, nayo huingia katika gundi za mbao, rangi, plastiki na hata mafuta ya magari. Kiwanda cha namna hii hukesha mchana na usiku. Kikikosa unga hukosa na kuni, kikasimama. Na kinaposimama, deni la kukijengea halisimami.

Watu wa Trinidad walichimba mafuta ya petroli tangu mwanzo wa karne ya 20, na gesi iliyotoka pamoja na mafuta, nyingi ikichomwa bure hewani. Kiwanda cha kwanza cha amonia kilijengwa mwaka 1959 na kampuni ya Kimarekani ya W. R. Grace. Kisha, mwaka 1966, wafanya biashara wa upande wa kusini wa kisiwa, wala si Serikali, waliunda shirika la kujenga bandari na mtaa wa viwanda pahala paitwapo Point Lisas, katika ardhi iliyokuwa mashamba ya miwa. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973, Waziri Mkuu Eric Williams alikuta fedha mkononi na njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni kuigeuza gesi maji-maji kwa baridi kali, ikapakiwa melini na kuuzwa kama ilivyo. Ya pili ni kuipika nyumbani. Mwezi wa Januari 1975 aliita mkutano kuzungumza namna bora ya kuitumia neema hiyo, na nchi ikashika njia ya pili.

Hapa ndipo penye funzo la kwanza, na twawaomba mlizingatie. Serikali ile haikusema tu, "Karibuni wenye mitaji." Mwaka 1975 iliunda Kampuni ya Taifa ya Gesi, ikaiweka katikati: ikanunua gesi kwa wachimbaji, ikaipitisha katika mabomba yake, ikawauzia wenye viwanda. Mchimbaji hakuweza kumnong'oneza mwenye kiwanda bei bila ya mwenye nchi kusikia. Baadaye mikataba mingi ya amonia na methanoli ikafungwa kwa kanuni ya kuwa bei ya gesi hupanda na kushuka pamoja na bei ya bidhaa katika soko la dunia. Siku za shida kiwanda kilipata nafuu, na siku za neema nchi ilipata fungu lake.

Funzo la pili ni ubia. Kiwanda cha amonia cha Tringen kilianza mwaka 1977, Serikali ikiwa na hisa 51 katika kila 100 na W. R. Grace 49. Fertrin kikafuata mwaka 1981 kwa fungu kama hilo, pamoja na kampuni ya Amoco. Mwaka 1984 kikaanza kiwanda cha methanoli kilichokuwa mali ya Serikali. Wageni walileta ujuzi na soko, na vijana wa kisiwa, wengi wao wakiwa wamesoma uhandisi katika chuo kikuu kilichopo hapo hapo kisiwani, wakakaa kando yao wakajifunza mpaka wakaviendesha wenyewe. Ilipoingia karne hii, kisiwa kile kilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa amonia na methanoli duniani. Usione vyaelea, vimeundwa.

Lau tungeishia hapa tungekuwa tumewaghilibu wasomaji wetu. Upande wa pili wa khabari hii una uchungu, nao ndio wenye faida zaidi kwetu.

Katika mradi ule ule kilijengwa kiwanda cha chuma cha pua, kikaanza kazi mwaka 1980. Gesi ilikuwepo, lakini madini ya chuma yaliagizwa ng'ambo, na Marekani, soko lililotegemewa, ikajikinga kwa ushuru. Khasara ikawa kubwa; mwaka 1989 kikakodishwa kwa wageni, kisha kikauzwa, na mwaka 1986 bei ya mafuta ilikuwa ishaanguka, Serikali ikabanwa na madeni. Mwaka 1993 ikauza na Fertrin. Zile hisa 51 zilizotafutwa kwa jasho zikaenda katika siku ya dhiki, na anayeuza siku ya dhiki hachagui bei. Kiwanda cha chuma chenyewe kilifungwa kabisa mwezi Machi 2016, na mamia ya wafanya kazi wakarudi majumbani.

Kosa jengine ni kuridhika na hatua ya kwanza. Amonia na methanoli ni bidhaa za kuanzia tu. Faida nene hukaa kwa yule anayezigeuza kuwa gundi, rangi na vyombo. Kiwanda kikubwa cha plastiki ghafi kilizungumzwa Trinidad mara nyingi kisijengwe. Basi kisiwa kiliacha kuuza gesi mbichi, kikauza kitu kilichopikwa nusu.

Kosa kubwa kuliko yote ni la kualika wageni bila ya kupima unga. Mwaka 1999 Trinidad ilianza pia kuuza gesi ya maji-maji, na mitambo ikaongezwa mpaka ikafika minne mwaka 2005. Katika miaka hiyo hiyo vikajengwa viwanda vya methanoli vikubwa kupita vilivyotangulia. Karibu na mwaka 2010 gesi iliyotolewa ilizidi futi za ujazo 4,000,000,000 kwa siku. Kufikia mwaka 2023 ilikuwa chini ya 3,000,000,000. Visima vya kale vilichoka na vipya havikutosha. Wageni wote wamekaa mkekani, na sinia halitoshi. Mwaka 2018 mtambo wa Serikali wa kusafishia mafuta wa Pointe-à-Pierre ukafungwa. Mwaka 2020 kampuni ya Methanex ikakisimamisha kiwanda chake cha Titan. Ilipokiwasha tena mwaka 2024, ilikizima kile kikubwa zaidi cha Atlas. Mwezi Oktoba 2025 kampuni ya Nutrien ikatangaza kusimamisha kazi zake za nitrojeni pale Point Lisas, kwa mgogoro wa bandari na kwa kutokuwa na uhakika wa gesi. Trinidad ikatazama upande wa jirani yake Venezuela, kwenye gesi ya Dragon, ambayo haipatikani ila kwa rukhsa ya Marekani: rukhsa ikatoka Januari 2023, ikafutwa Aprili 2025. Nchi iliyokuwa ikipika kwa unga wake ikawa inangoja kwenye mlango wa mtu wa tatu.

Hata hivyo hatusemi kuwa walipotea. Mwaka 2007 waliweka kwa sheria mfuko wa akiba, na mwaka 2020, dunia ilipopatwa na maradhi na bei zikaanguka, wakapata pa kuchota. Nchi iliyochoma gesi yake hewani isingekuwa na hata hilo.

Sasa turudi nyumbani. Uchimbaji wa kujaribu si mpya kwetu. Visima vilishachimbwa visiwani humu kabla ya Mapinduzi. Mwaka 2016 Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria ya mafuta na gesi ya Zanzibar. Mwaka 2018 ukatiwa saini mkataba na kampuni ya RAK Gas juu ya kitalu cha Pemba na Zanzibar. Mwaka 2024 vikatangazwa vitalu vingine kwa zabuni. Kutafuta si kupata, wala hatuwaahidi wanachama wetu kitu kilicho chini ya bahari. Lakini masharti ya kitu hicho huandikwa sasa, kabla hakijaonekana. Kikishaonekana, kalamu ishakauka.

Nasi tunao msiba wetu wa kutukumbusha. Kwa miaka mingi karafuu zetu zilimtegemea mnunuzi mmoja mkubwa, Indonesia, aliyezitia katika sigara. Alipopanda mikarafuu yake ikamtosha, katika miaka ya 1980, bei ilianguka, na mkulima wa Pemba aliyekuwa akisomesha watoto kwa konde yake akabaki kuitazama mikarafuu ikizeeka. Zao lilikuwa moja na mnunuzi mmoja, na akiba haikuwepo. Hatutaki kulirejea hilo kwa jina la gesi.

Kwa hivyo chama kidai mambo manne, na kila mwanachama ayajue kwa moyo.

Kwanza, mikataba isomwe na raia kabla ya saini na baada yake, kwa Kiswahili cha kufahamika. Pili, gesi yoyote itakayopatikana ipite mkononi mwa shirika letu, na bei yake ifuate bei ya bidhaa itokanayo nayo. Tatu, unga upimwe kwanza. Ikiwa gesi ni chache, itoe umeme, kwani umeme wetu mpaka leo huja kutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Ikiwa nyingi, ndipo tuzungumze mbolea. Na kisiahidiwe kiwanda cha pili ila cha kwanza kiwe na gesi ya umri wake wote. Nne, mfuko wa akiba uwekwe kwa sheria kabla ya fedha ya kwanza kuingia, na vijana wapelekwe kusoma uhandisi na hisabu leo, kwa kuwa mhandisi hapatikani kwa mwaka mmoja.

Watasema baadhi ya wakubwa kuwa mashariti haya yatawakimbiza wenye mitaji. Hao waulizeni: W. R. Grace na Amoco walikimbia? Walikubali kuwa wabia wadogo katika kisiwa cha watu wachache kuliko sisi, kwa sababu waliona faida na waliona wenyeji wanaojua kuhisabu. Mfanya biashara humkimbia asiyejua atakalo, kwani huyo leo husema hili na kesho lile.

Mali bila ya daftari hupotea bila ya khabari. Basi na tuanze na daftari.